Mvua za radi za jangwa la Arizona ni za monsuni

Je, mvua za radi zinazonyesha katika jangwa la Arizona, jimbo la kusini-magharibi mwa Marekani, ni monsuni kweli? Ndiyo, ni monsuni halisi hata kama ni jangwani, kwa sababu kinachoamua si wingi wa mvua bali upepo kubadili mwelekeo kwa majira, jinsi kusi na kaskazi zinavyopokezana kwetu pwani. Kwa sehemu kubwa ya mwaka Arizona hupata upepo mkavu wa magharibi, lakini kufikia Julai, ardhi ikishapata joto kali na kanda ya mgandamizo mkubwa wa hewa ya juu ikisogea kaskazini, upepo hugeuka na kuleta unyevu kutoka kusini, hasa Ghuba ya California na Bahari ya Pasifiki. Hewa hiyo ikipanda juu ya milima iliyochomwa na jua tangu asubuhi, mawingu ya radi huumuka alasiri. Mji wa Tucson hupata takriban nusu ya mvua yake ya mwaka katika msimu huu, unaohesabiwa rasmi kuanzia tarehe 15 Juni hadi 30 Septemba.

Anayesema kwamba mvua hizo humaliza joto amepatia nusu tu. Matone mengi hukauka kabla ya kufika chini, na hewa iliyopozwa hivyo huporomoka kwa nguvu na kuinua ukuta wa vumbi, kama ule uliofunika Phoenix, mji mkuu wa Arizona, tarehe 5 Julai 2011. Mwaka 2023, mvua zilipokuwa haba mno, Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo ikifikia au kupita nyuzi 43 za Selsiasi.