Jibu: Miche kukauka Chamwino

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini miche yako ya miti inakauka kila kiangazi na ufanye nini. Achana na miche kwanza. Zunguka shambani utafute visiki. Mizizi yake bado iko hai. Kwenye kila kisiki acha machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine kata, kisha funga kitambaa ili wachungaji wajue kina mwenyewe. Njia hiyo ndiyo inaitwa kisiki hai. Kazi ni kuzuia mbuzi wasile machipukizi. Kaa na majirani mapema, maana Mgogo humtenganishi na mifugo yake (nasema mimi mjukuu wao). Kule Kondoa, mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililomomonyoka. Vichaka vikarudi, ila watu waliumia sana.