Kipokezi cha moyo hupokea nini?

SWALI: Mimi ni muuguzi. Nimepewa kutafsiri maelezo ya dawa kwa wagonjwa wa pumu na wa shinikizo la damu. Niliandika "vipokeaji vya moyo" na "kupumzisha misuli ya njia za hewa". Mhariri ameweka "vipokezi" na "kulegeza" bila kunipa sababu. Je, yuko sahihi?

JIBU: Yuko sahihi kote kuwili, ila kuna kosa la tatu ambalo limempita.

Tuanze na kipokezi, yaani ile protini kwenye utando wa seli inayopokea ujumbe wa kemikali kama adrenalini. Kitenzi "pokea" zamani kilikuwa na sauti l kabla ya irabu ya mwisho, ikadondoka. Tukiunda nomino kwa kiambishi -i, alama yake hujitokeza kwa sura ya z: tetea, mtetezi, tembea, matembezi, pokea, mapokezi. Kipokezi kimepita njia hiyohiyo. Kipokeaji hakijavunja sheria, lakini tazama kinywaji: ndicho kinachonywewa, si kinachokunywa. Kipaji nacho ni kile ulichopewa. Nikikutana na "kipokeaji" bila muktadha, nusu ya akili yangu hudhani ni kitu kilichopokewa. Wako wanaoandika "risepta". Darasani sina ugomvi nao, ila mgonjwa hapati picha yoyote.

Kulegeza hakuhitaji maneno mengi. Anayepumzishwa ni mtu aliyechoka. Msuli uliokaza hulegezwa, kama kamba. Wagonjwa wenyewe husema "kifua kinanibana".

Sasa hilo la tatu. Kipokezi cha adrenalini hupokea adrenalini. Je, kipokezi cha moyo hupokea moyo? A-unganifu, ile -a ya "cha" na "vya", ni punda wetu wa kubeba kila mzigo: mara hutaja kinachopokewa, mara hutaja mahali. Kwa mahali, tumia -ni na -mo: "vipokezi vilivyomo moyoni". Beta nayo, aina mojawapo ya vipokezi vya adrenalini, ni jina tu, haipokewi na yeyote, kwa hiyo mimi huandika "vipokezi beta", kama tuandikavyo "vitamini C".

Huu si ubishi wa walimu wa sarufi. Mwaka 1948 Raymond Ahlquist, Mmarekani, alipendekeza kwamba vipokezi vya adrenalini ni vya namna mbili, alfa na beta. Mwaka 1967 beta nazo zikagawanywa: beta-1, ambazo ndizo nyingi moyoni, na beta-2, zilizo kwenye misuli ya njia za hewa. Adrenalini ileile ikishika beta-1, moyo huenda mbio na kusukuma damu kwa nguvu zaidi. Ikishika beta-2, misuli ya njia za hewa hulegea. Ujumbe mmoja, msuli mmoja unachapa kazi na mwingine unalegea, kwa sababu ya aliyeupokea. Salbutamoli, dawa ya pumu ya kuvuta, imelengwa beta-2, lakini haikosi kugusa moyo: mtu huivuta, kifua kikafunguka, kisha vidole vikamtetemeka na moyo ukamwenda mbio.

Propranololi, dawa ya shinikizo la damu, huziba beta-1 na beta-2 pamoja. Mwenye pumu akiimeza kwa ajili ya shinikizo, kifua chake kinaweza kubana vibaya sana. Ukimwandikia "dawa hii huzuia vipokezi vya moyo", atadhani kifua hakihusiki. Na "vizuizi vya beta", jina la dawa za namna hii ninaloliona mara nyingi, hunikumbusha gogo la barabarani na askari pembeni.

Ningekuwa wewe ningeandika hivi: "Dawa hii huziba vipokezi beta vilivyomo moyoni na vilivyomo kwenye njia za hewa. Kama una pumu, mwambie daktari kabla hujaanza kuitumia."