Matumbawe na maji machafu: maswali yenu

Makala ya mwezi uliopita kuhusu bahari kubadilika rangi wakati wa masika imeleta maswali mengi. Nimechukua manane. Mengine yalikuwa lawama kwa wenyeviti wa mitaa, na hayo wenyewe watayasikia huko huko mtaani.

*Tulikwenda kisiwa cha Mbudya na watoto. Nikavaa miwani ya kuogelea, nikachungulia chini, nikaona matumbawe ya rangi ya udongo tu. Zile rangi za kwenye kalenda hazipo. Ndiyo yamekufa?* (Mama wa watatu, Kunduchi)

Hapana mama, huenda uliyoyaona ndiyo mazima. Tumbawe ni kundi la vijidudu laini, kila kimoja na mdomo wake, vilivyojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya nyama yao kuna wapangaji: mwani mdogo mno, hauonekani kwa macho, unaotengeneza chakula kwa nguvu za jua na kumlipa mwenye nyumba kodi ya sukari. Ile kahawia ni rangi ya wapangaji. Maji yakipanda nyuzi moja tu juu ya joto la kawaida la kiangazi, na yakakaa hivyo wiki kadhaa, wapangaji wanafukuzwa. Ngozi inabaki kama kioo, chokaa nyeupe inaonekana. Hapo tunasema tumbawe limepauka.

Lililopauka bado halijafa, lina njaa. Likifa utalijua, maana linaota ukungu wa kijani kama chungu kilichosahaulika na wali ndani. Kwa hiyo ukiona kahawia, tulia. Ukiona nyeupe pee kama mfupa, piga picha uwapelekee watu wa Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, kwa kuwa maeneo ya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, hapo Dar es Salaam, yanalindwa kisheria tangu 1975. Wakati wa kuangalia sana ni Machi na Aprili, kaskazi ikiisha na bahari imelala.

*Babu yangu alikuwa akisema kinyesi ni mbolea. Kama shambani kinarutubisha, kwa nini baharini kiharibu? Si samaki watashiba?* (Kijana wa Malindi, Unguja)

Babu hakukosea kuhusu shamba. Ila miamba ya matumbawe imestawi kwenye maji maskini, yenye virutubisho vichache, na ndiyo maana ni maangavu. Kila chembe ya chakula pale inazungushwa kutoka kiumbe hiki hadi kile, na kwa ubanaji huo sehemu isiyofika asilimia moja ya sakafu ya bahari inahifadhi takriban robo ya aina za viumbe wa baharini. Ukimwaga mbolea, anayewahi kufaidi ni mwani mkubwa, ule wa majani. Wenyewe unakua kwa siku, wakati tumbawe la mviringo linaongeza kama sentimita moja kwa mwaka. Linafunikwa, linakosa jua, na mahali ambapo mtoto wa tumbawe angetua pameshachukuliwa.

Maji taka ya Mji Mkongwe kwa miaka mingi yametoka kwenye mabomba moja kwa moja hadi baharini, mbele ya visiwa vya Changuu, Chapwani na Bawe. Wanaosema kwamba mwamba ukishachafuliwa basi, nawaeleza habari ya ghuba ya Kāneʻohe, Hawaii. Huko walimwaga maji taka ndani ya ghuba hadi mwani wa kijani ukayafunika matumbawe kama blanketi. Mwaka 1977 na 1978 mabomba yakahamishiwa bahari kuu. Maji yakaanza kung'aa, matumbawe yakaanza kurudi. Haikuwa kazi ya siku moja, maana kuna sehemu ambazo ule mwani uling'ang'ania kwa miongo kadhaa. Lakini hakuna aliyepanda kitu. Walihamisha bomba.

Na hao samaki wa kushiba: pono na tasi wanakula mwani huo, ni kweli. Tatizo ni kwamba na sisi tunawala wao, tena pono tunamvua hata akiwa mdogo kama kiganja.

*Mimi naishi Nairobi, bahari naiona Desemba tu. Haya mambo yananihusu vipi?* (Msomaji wa Kasarani)

Mto Nairobi unaingia Athi. Athi ukishuka unaitwa Galana, na Galana unaingia baharini kwa jina la Sabaki, kaskazini kidogo ya mji wa Malindi, ambako kuna hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza Afrika. Mto unabeba maji ya mitaro yenu na udongo wa mashamba ya Ukambani yaliyolimwa bila matuta. Udongo ukitua juu ya tumbawe, linatoa ute kuusukuma. Ni sawa na mama anayefagia uwanja chini ya mwembe unaopukutisha kutwa: jioni hana nguvu ya kupika. Kaskazi ikivuma, maji hayo yanasukumwa kusini, kuelekea hifadhi. Na kaskazi inavuma Desemba. Yale maji ya kahawia unayoyakuta Malindi sikukuu ya Krismasi, huenda mlitoka nayo nyumbani.

*Nimevua miaka arobaini. Wataalamu wanatulaumu sisi, sisi tunalaumu viwanda na miji. Nani mkweli?* (Mvuvi mstaafu, Kilwa Kivinje)

Shikamoo mzee. Wote mna ukweli, na ndiyo ugumu wake.

Baruti unaijua kuliko mimi. Mlipuko mmoja unaacha kifusi, na kifusi kinabingirika na kila wimbi, kwa hiyo mtoto wa tumbawe akishika anasagwa. Kokoro nalo linazoa mpaka vifaranga. Kisha kuna kikande, samaki ambaye wengi hawamthamini mnadani. Kazi yake ni kuvunjavunja yale madude ya mviringo yenye miiba mirefu myeusi ambayo ukiyakanyaga hulali usiku huo. Vikande wakiisha, madude yanazaana na kuutafuna mwamba wenyewe.

Halafu joto. Mwaka 1998 maji yalipopata moto, matumbawe yalikufa kwa wingi kuanzia Kenya hadi Mafia, hata ndani ya maeneo yaliyolindwa vizuri. Mwaka 2024 joto kali lilizunguka tena dunia nzima. Mvuvi wa Kivinje hawezi kuzima joto hilo, wala mimi. Tofauti inakuja baadaye: mwamba wenye maji safi na samaki wa kula mwani unaanza kujijenga tena, wenye maji ya mtaro na kokoro kila asubuhi unageuka shamba la majani. Ndiyo sababu mimi siku hizi nikisikia mjadala wa matumbawe naulizia kwanza vyoo.

*Hoteli moja ilitutoza pesa ili "tupande tumbawe" lenye jina letu. Ni kweli au tumeliwa?* (Wanandoa wapya, Arusha)

Hongereni kwa ndoa. Kupanda kunawezekana: vipande hufungwa kwenye fremu, vikapona vikakua. Aina zenye matawi zinaweza kuongeza hadi sentimita kumi kwa mwaka, ndiyo maana hupendwa. Bahati mbaya ndizo zinazotangulia kupauka joto likija. Kabla hamjatoa pesa tena, ulizeni mambo mawili. Vilivyopandwa miaka miwili iliyopita, vingapi viko hai? Na maji taka ya hoteli yanakwenda wapi? Kama jibu la pili ni kigugumizi, huko ni kupanda mpunga barabarani.

*Huku Maskat wazee wanakumbuka bahari kugeuka nyekundu na samaki kufa. Ilikuwa uchafuzi wa mafuta?* (Mzaliwa wa Unguja, Oman)

Kama wanasema ya mwaka 2008 na 2009, hapana, ulikuwa mwani mdogo uliolipuka kwa wingi na kukaa miezi. Uliziba mwanga, na kuoza kwake kukamaliza hewa ndani ya maji. Samaki walikufa, na matumbawe ya upande wa Musandam na Dibba yaliumia vibaya. Mwani wa namna hiyo hunenepa pale virutubisho vinapozidi.

*Naweza kununua tumbawe kavu la pambo sebuleni?*

Usinunue. Ukivuka nalo mpaka bila kibali cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, watakunyang'anya uwanja wa ndege.

*Nina nyumba ya kupangisha Kigogo, bondeni. Mafundi wananishauri nitapishe choo, yaani nikiachie kimwagike na maji, mvua kubwa ikinyesha, eti kila mtu anafanya. Ubaya uko wapi?*

Mto Msimbazi uko hatua chache kutoka kwako, na unaingia baharini pale daraja la Salender, Dar es Salaam. Wapangaji wako wanapeleka watoto kuogelea ufukwe wa Coco Jumapili. Ita gari la majitaka kabla ya masika, wakati bei haijapanda. Na usimalizie malipo mpaka dereva akuonyeshe risiti ya bwawa alikokwenda kumwaga.