Ushauri inatoa, mamlaka haina

Umeuliza kama akili mnemba inaweza kuwa na mamlaka ya kimaadili. Kwangu hapana, na sababu si ujinga wake. Mwaka 2021 taasisi ya Allen Institute for AI ilitoa Delphi, programu iliyofunzwa kwa hukumu za watu zipatazo milioni 1.7 kuhusu mema na mabaya. Watumiaji wakagundua kuwa ukiongeza tu maneno "ikiwa kila mtu atafurahi", hata uovu wa kutisha uliweza kuhalalishwa. Makosa hayo yanarekebishika, sawa. Lakini mtu akikushauri vibaya, unamrudia, unamtazama usoni, naye anaona haya na kubeba lawama. Programu haina cha kupoteza. Niombe ushauri kwake, naam. Nimtii nani hapo?