Mechi Yako ya Kwanza Uwanja wa Mkwakwani: Wasomaji Wauliza, Tunajibu

Toleo lililopita tuliwaomba mashabiki wa Tanga mtuandikie kuhusu mechi ya kwanza mliyoenda kuiona timu ya nyumbani, na jamani mmeandika, meseji zimekuja kutoka Ngamiani, Makorora, Chumbageni, Muheza, mpaka walioko Dar na Arusha. Kitu nilichokiona karibu kwenye zote ni kwamba matokeo hamyataji. Unakuta mtu kaandika kirefu kabisa nani alimpeleka, walipita barabara ya ngapi, alinunuliwa nini, alikaa mabegani kwa nani, lakini mabao mangapi hamna. Mie naona hapo ndo penyewe, mtu haipendi timu ya kwao kwa sababu ilishinda siku ile, anaipenda kwa sababu kuna mtu alimshika mkono akampeleka. Basi wengine mliambatanisha na maswali, leo nayajibu machache.

Shikamoo mzee. Mimi nimezaliwa Makorora ila nimekulia Mbagala. Babu kila siku ananiambia Coastal Union walishawahi kuchukua ubingwa wa nchi, nikiwaambia washkaji huku wananicheka wanasema Coastal hawajawahi kuchukua kitu. Ni kweli? Na ilikuwaje?

Marahaba mwanangu. Babu yako anasema kweli tupu, Coastal Union walikuwa mabingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, waambie hao washkaji zako wakatafute. Na uwaambie pia miaka ile ubingwa ulikuwa unatoka nje ya Dar kweli, sio hadithi, Majimaji wa Songea waliuchukua 1985, Tukuyu Stars kutoka Mbeya wakauchukua 1986, alafu 1988 ndo zamu yetu. Baada ya hapo timu ya mkoani iliyofanya hivyo ni Mtibwa Sugar, 1999 na 2000, na kuanzia hapo ni Simba na Yanga wanapokezana, tukitoa Azam msimu wa 2013/14, nao Azam ni walewale wa Dar. Kwahiyo utaona kitu alichokishuhudia babu yako ni kikubwa kiasi gani.

Ilikuwaje? Mie nlikuwa mtoto, mechi yangu ya kwanza nilipelekwa na mjomba kabla ya huo ubingwa, nimekaa kwenye bomba la mbele la baiskeli yake, na usidhani tulikuwa peke yetu, Tanga ni mji wa baiskeli bana, siku ya mechi unaona barabara nzima kengele tu krii krii, watu wametoka shifti za viwandani, maana Tanga ya wakati ule ilikuwa na viwanda, chuma, mbolea, saruji kule Pongwe, mkonge ndo usiseme, na reli na bandari, mtu anatoka kazini hajapita hata nyumbani anakuja Mkwakwani na nguo zake za kazi. Mjomba alinimenyea chungwa la Muheza kwa kile kisu cha muuzaji, lile ganda linatoka refu lote halikatiki, akanikata juu nikawa nafyonza. Alafu tukaingia. Mie mpaka leo nikikanyaga pale kifua kinanijaa, ile unapita getini kwenye kiza kidogo alafu ghafla unaona majani na watu wengi kuliko uliowahi kuwaona maishani mwako, na wote wanamuita mtu mmoja jina, kumbe ni jirani wa mtaa wa pili ambaye asubuhi ulimwona anakunywa kahawa barazani.

Hilo ndo lilikuwa tofauti, wachezaji walikuwa watu wa mtaani kwetu. Juma Mgunda ambaye nyie vijana mnamjua kama kocha alikuwa mchezaji wa Coastal, tunamwona mjini. Na timu ikisafiri tulikuwa hatuna televisheni huku Bara, ni Redio Tanzania Dar es Salaam tu, mnakaa watu wengi kwenye redio moja barazani, Ahmed Jongo akitangaza, nyie mnaangalia redio kama mnaangalia uwanja. Wakishinda huko mbali huku mitaa inalia yenyewe. Mwambie babu akuhadithie zaidi maana yeye alikuwa mtu mzima, aliyaona kwa macho ya mtu mzima.

Mimi ni mama wa mtoto wa kiume wa miaka minane, tunakaa Mikanjuni. Baba yake anafanya kazi mbali. Mtoto anaisumbua roho yangu anataka kwenda Mkwakwani na mimi sijawahi kuingia uwanja wa mpira hata siku moja. Naweza kumpeleka mwenyewe? Nianze na mechi gani?

Mama mpeleke, tena usisubiri baba arudi. Wanawake wapo wengi sana uwanjani siku hizi, wengine ndo wanaongoza kuimba, hutokaa peke yako.

Ila nakuomba sana usianze na mechi ya Simba wala Yanga. Najua ndo mtoto ataitaka, lakini siku hiyo foleni inakuwa kubwa, watu wanasukumana getini, na nusu ya uwanja au zaidi wamevaa jezi za wageni, mtoto atatoka pale anashabikia timu nyingine na mie nitakosa usingizi. Mpeleke mechi ya kawaida, timu kama Namungo wakija, uwanja una nafasi, mtoto anaona mpira vizuri, hata akitaka kukimbia kimbia kuna pa kukimbilia, na mashabiki wale wa kudumu wakiona mtoto mgeni wanamkaribisha kama wa kwao. Wale ndo Coastal yenyewe, wale wanaokuja hata timu ikiwa na hali mbaya.

Kwanza hakikisha mechi kweli inachezwa Mkwakwani, kuna wakati timu imelazimika kuchezea mechi zake za nyumbani nje ya mkoa, usije ukamvalisha mtoto mpaka viatu alafu mpira uko Dar. Fika mapema, mechi ikiwa saa kumi jioni nyie saa nane na nusu muwe mshaingia. Kama bajeti inaruhusu kaa jukwaa lenye paa, jua la Tanga unalijua mwenyewe. Maji beba, kofia beba, mihogo na karanga mtanunua hukohuko. Mwonyeshe mlango mtakaotokea na mwambie mkipotezana akusubiri hapo. Na usimfundishe kitu kuhusu mpira, mwache aulize, asipouliza mwache atazame tu.

Jambo moja tu, mkipoteza mechi msitoke kabla haijaisha. Mtoto akizoea kuondoka dakika ya themanini sababu timu imefungwa, huyo hatarudi.

Mbona nyie kila siku Coastal Coastal? Mie mtu wa barabara ya 12, baba yangu African Sports, babu yangu Sports, mechi yangu ya kwanza ilikuwa African Sports na Coastal na nilikaa upande wa Sports, Kimanumanu wenyewe. Hii timu mnaifuta kwenye historia ya mji?

Hatuifuti mgosi, na nashukuru umeandika kwa uchungu huo maana ndo uchungu wa mwenye mji. African Sports ni mkubwa wa Coastal kwa umri, Coastal wameanza 1948 na wakawakuta Sports wapo. Na kwa wasiojua Tanga, hizi timu mbili maskani yao ni barabara ya 11 na barabara ya 12, yaani mtaa na mtaa, mtu anaweza kutoka kunywa chai kwa watani akarudi kwake chai haijapoa. Ndani ya nyumba moja unakuta kaka Coastal, dada Sports, siku ya mechi wanaondoka pamoja wakifika uwanjani wanaachana.

Vijana wengi hawajaonja mechi ya watani wa Tanga ikiwa na maana kwenye ligi kuu. Msimu wa 2015/16 tulibahatika, Sports walikuwa wamepanda, Coastal wapo, na Mgambo wapo, timu tatu za mkoa mmoja ligi kuu. Alafu kilichotokea mwisho wa msimu huo mie bado kinaniuma kukiandika, zilishuka zote tatu. Zote. Mkoa mzima tukabaki hatuna timu, tunasikiliza ligi ya wenzetu. Coastal wakarudi msimu wa 2018/19, Sports bado tunawasubiri, na nasema tunawasubiri nikimaanisha, kwasababu mji wa Tanga bila Kimanumanu juu ni mji unaocheza na mguu mmoja. Tuandikie hiyo mechi yako yote, kirefu, tutaipa nafasi yake.

Mimi ni binti, nilikuwa nasoma Arusha. Mechi yangu ya kwanza ya Coastal sio Mkwakwani, ni ile fainali na Yanga uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Wenzangu wa Tanga wananiambia hiyo haihesabiki kwa sababu sikuanzia nyumbani. Inahesabika au haihesabiki?

Inahesabika mwanangu, tena wengi tunakuonea wivu. Hebu niwakumbushe wasomaji, ni Julai 2022, fainali ya kombe la shirikisho la mpira la nchi, TFF, Yanga wametoka kuchukua ubingwa wa ligi bila kufungwa hata mechi moja msimu mzima, na Coastal ya Mgunda inakwenda kukutana nao. Tulitoka nao 3-3 mpaka dakika 120 zinaisha, na mabao yetu yote matatu kafunga mtu mmoja, Abdul Suleiman Sopu. Matatu, kwenye fainali, dhidi ya timu ambayo haikuwa imefungwa kwenye ligi. Penalti zikatukataa, kombe likaenda Jangwani kwa Yanga. Mie nliitazama Ngamiani kwenye runinga na watu wazima walilia mbele za watu wala hakuna aliyeona haya.

Sasa wewe ulikuwepo. Umekaa ugenini, mmezungukwa, mko wachache, na timu ya kwenu imefanya vile. Mwambie anayekukatalia kwamba kuna waliozaliwa hatua chache kutoka Mkwakwani na hawajawahi kuliona jambo kama hilo. Alafu likizo njoo nyumbani uione Mkwakwani nayo.

Naweza kuwa Simba na Coastal kwa pamoja? Wakikutana nikae upande gani?

Wengi Tanga ndo mlivyo, Simba na Coastal au Yanga na Coastal, siwezi kuwafukuza nyote. Na mwaka 2023 tuliona, fainali ya kombe la shirikisho, Yanga na Azam, ilichezwa Mkwakwani mwezi wa sita, alafu mwezi wa nane Simba na Yanga kwenye Ngao ya Jamii, mashindano ya kufungua msimu, ile ambayo kipa Ally Salim alidaka penalti tatu, na mji ulifurika, nyumba za wageni zikajaa, mamantilie wakauza mpaka sufuria zikaisha. Nilifurahi kwa ajili ya mji. Lakini niliumia pia, maana msimu uliofuata, 2023/24, Coastal walimaliza nafasi ya nne nyuma ya wale watatu wa Dar, kipa wetu Ley Matampi akawa kipa bora wa ligi, tukarudi kwenye mashindano ya Afrika baada ya miaka mingi sana, Bravos do Maquis wa Angola wakatutoa, na kuna mechi za nyumbani msimu huo unaingia unachagua pa kukaa.

Kwahiyo jibu langu ni hili. Siku nyingine zote penda unachopenda, ila Coastal ikicheza na Simba pale Mkwakwani kaa na Coastal. Simba ana watu nchi nzima, Songea wapo, Mwanza wapo, Kigoma wapo. Coastal ana Tanga tu.

Baba yangu ni Coastal wa miaka mingi, sasa miguu haimruhusu kusimama muda mrefu na anasema uwanjani basi. Naona amenyong'onyea. Nifanyeje?

Pole mwanangu, na umfikishie shikamoo yangu. Akisema uwanjani basi, muulize kama ni miguu au ni foleni, wazee wengi kinachowashinda ni kusimama getini na kupanda ngazi, sio kukaa. Mchukulie bajaji mpaka mlangoni, nendeni mapema sana kabla watu hawajajaa, ongea na wasimamizi wa geti, mzee anapishwa, Tanga bado tuna adabu hiyo. Mtafutie kiti cha chini, beba mto wa kukalia.

Na wakati mkisubiri mechi ianze washa simu umrekodi. Usimuulize swali kubwa kama ilikuwaje zamani, atakujibu ilikuwa nzuri alafu basi. Muulize vidogo vidogo, nani alimpeleka mara ya kwanza, waliingilia mlango gani, kipa alikuwa nani, nani alikuwa anapiga ngoma, walisikilizia redio ya nani timu ikiwa ugenini, waliokuwa wanakaa naye wapo wapi sasa. Ukipata majina ya hao aliokuwa anakaa nao na kama kuna aliye hai, mtafute, mpeleke naye kwenye bajaji hiyohiyo. Ulichorekodi ukiridhia, tutumie.