Re: Wanataka kufukia kinamasi wajenge nyumba, nifanyeje?
Pole ndugu, nimekuelewa, kinamasi kinafukiwa, ndege na vyura wako mashakani na hujui pa kuanzia. Kwanza kabisa itafute ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, uangalie siku ya mwisho ya kutoa maoni maana ukichelewa hata siku moja ndo basi tena. Halafu cheki wataalamu walioandika ripoti hiyo walienda kinamasini msimu gani, hapa ndo penyewe, kama walipita kiangazi tu basi vyura na ndege wahamaji wengi hawakuwaona, mimi hoja hiyo moja tu iliwarudisha wakapime upya. Piga picha zenye tarehe uziweke iNaturalist (mtandao wa watu kuweka picha za wanyama na mimea waliyoiona), ila viota vya spishi adimu usianike viliko, majangili nao wanasoma. Na usiingie kiwanja cha mtu bila ruhusa, watakugeuzia kesi wewe. Kwenye barua yako ya maoni usiseme tu "hatutaki", waombe wasogeze majengo pembeni kwanza, hiyo ya kupanda miti kwingine kama fidia iwe ya mwisho kabisa. Kibali kikishatoka tafuta wakili fasta, muda wa rufaa huwa mfupi.