Natoka Mikindani naenda Houston, nipumzike wapi?

SWALI: Mwanangu habari za kazi. Mwezi wa saba naenda Houston, binti yangu kajifungua. Kanikatia tiketi Dar–Doha–Houston, ya Mtwara–Dar nikate mwenyewe. Nikitoka Mtwara asubuhi, jioni hiyohiyo naunganisha? Na miguu yangu ikikaa sana inavimba. – Bibi mpya, Mikindani

JIBU: Shikamoo mama, hongera ya mjukuu! Hapana, usiunganishe siku hiyohiyo. Hizo ni tiketi mbili mbalimbali, ya Mtwara ikichelewa ile ya Doha haikusubiri na hela ndo imeenda hivyo, mimi yalishanikuta nikalala kwenye mabenchi na korosho zangu za zawadi. Nenda Dar siku moja kabla, fikia kwa ndugu, ulale.

Dar–Doha ni kama masaa sita, na saa za Doha ni sawa na zetu so hapo mwili haujachanganyikiwa. Kazi iko Doha–Houston, masaa 16 hivi, na Houston mwezi wa saba wako nyuma yetu masaa 8. Ukifika usilale mchana hata macho yakilemea, mbebe mjukuu, zungukazunguka mpaka usiku uingie.

Miguu sasa: omba siti ya pembeni mwa njia uwe unainuka kila baada ya muda bila kumsumbua mtu, chezesha vifundo, kunywa maji. Ila kama una presha au ulishawahi kupata damu kuganda, muone daktari kabla hujasafiri, usingoje wiki ya mwisho.